SOMO KWA MAKATIBU: BOLTI ZA SPRINGI ZA NYUMA ZILIZOGANDA KWA KUTU



Katika hati za matengenezo ya magari ya vyama, yapo maneno mafupi yanayozua mabishano marefu katika mikutano: "Kutoa bolti ya springi iliyoganda." Fundi ameyaandika, fedha zimelipwa, na mwanachama mmoja anasimama kuuliza inakuwaje bolti moja imfanyishe mtu kazi siku mbili. Kamati hubaki kimya, kwa kuwa hakuna mjumbe aliyepata kuingia uvunguni mwa gari. Somo hili limeandikwa ili Katibu aweze kujibu swali hilo, na ili ajue lipi la kuruhusu na lipi la kukataa kabla fundi hajawasha moto.

Pikapu inayobeba mizigo kati ya Kariakoo na Mchikichini hulemewa sehemu ya nyuma. Huko nyuma uzito wote hubebwa na springi, yaani mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Ncha ya mbele ya springi imeviringwa kama jicho, na bolti nene hupita katika jicho hilo na kulishikiza kwenye chasisi. Ncha ya nyuma nayo ina jicho, lakini lenyewe limefungwa kwenye kiungo kinachochezacheza, kwa sababu springi hurefuka kila inapolemewa. Katikati springi hufungwa kwenye ekseli kwa bolti zenye umbo la herufi U.

Sasa tuliangalie jicho lenyewe, maana ndani yake ndimo ulimo ugomvi wote. Bolti haigusani na springi moja kwa moja. Kati yao kuna bushi ya mpira, na katika magari mengi bushi hiyo ina mrija wa chuma katikati. Bolti hupita ndani ya mrija. Maji yakiingia humo hayatoki upesi; bolti na mrija hushikana kwa kutu hata vikawa kama kitu kimoja. Ndiyo maana nati hufunguka bila taabu, fundi akafurahi, kisha bolti ikakataa kusogea hata unene wa ukucha. Akiipiga nyundo, mpira hulimeza pigo. Akiizungusha kwa spana, mrija huzunguka pamoja nayo, mpira hujisokota, na akiachia vyote hurudi vilipokuwa. Katibu aliyesimama pembeni anaweza kuyaona hayo kwa macho yake: kichwa cha bolti kikizunguka kidogo kisha kikarudi chenyewe, ujue imeganda ndani ya mrija, na fundi wako anasema kweli.

Kutu hiyo ina asili mbili kwetu. Pikapu nyingi hununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika Japani, na katika mikoa yenye theluji ya nchi ile barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Zikifika Dar es Salaam zinakutana na hewa ya bahari, na wakati wa masika kuna maji ya bonde la Msimbazi pale Jangwani, ambayo dereva mwenye haraka huyapita bila kufikiri.

Kabla ya kazi yapo mambo ya usalama. Breki ya mkono katika pikapu nyingi hushika magurudumu ya nyuma, na hayo ndiyo yanayoinuliwa. Kwa hiyo magurudumu ya mbele yawekewe vizuizi mbele na nyuma. Chasisi ikae juu ya stendi imara, kamwe isiachwe juu ya jeki peke yake, wala juu ya matofali, ambayo hupasuka bila kutoa taarifa. Jeki iwekwe chini ya ekseli, kwa kazi mbili: kuizuia isianguke bolti itakapotoka, na kuipandisha au kuishusha taratibu mpaka bolti isiwe imebeba uzito wowote. Nimeona vijana wenye nguvu wakiitwanga nusu saa bolti iliyokuwa imebanwa na uzito wa gari tu. Jeki iliposhushwa kidogo, ikatoka.

Fundi mwangalifu huanza na brashi ya waya na mafuta ya kupenya kutu. Ayatie jioni, ayarudie asubuhi. Kisha aizungushe bolti kidogo upande wa kukaza, arudi upande wa kufungua, aende hivyo mbele na nyuma, kwani anayelazimisha upande mmoja hukata kichwa cha bolti. Akipiga nyundo, nati irudishwe kwanza hadi usawa wa ncha ili hesi zisiharibike. Wenye Land Rover za zamani wazingatie kwamba bolti ya kiungo cha nyuma imekazwa kwa hesi ndani ya bapa mojawapo la kiungo. Hiyo hufunguliwa kwa kuzungushwa, na anayeipiga nyundo anaharibu kiungo kizima.

Hayo yakishindikana, fundi ataomba gesi. Hapa Katibu asiharakishe kukubali. Tangi la mafuta na mipira yake huwa karibu, na bomba la breki hupita juu ya ekseli. Shokapu imezibwa na ina mafuta ndani. Ikipata moto yaweza kupasuka. Mpira wa bushi ukiungua hutoa moshi mzito wenye sumu. Tena springi imetengenezwa kwa chuma kilichopikwa kwa kipimo; jicho lake likichomwa hadi kuiva jekundu, hulegea, na baadaye litakunjuka au kukatika likiwa na mzigo. Na gereji zetu zimebanana na vibanda vya wafanyabiashara. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na soko la Karume, hapa hapa Mchikichini, Januari 2022. Sina haja ya kuwaeleza wanachama moto hufanya nini mahali penye vibanda. Kwa maoni yangu, bolti ya springi isichomwe kwa gesi katika gereji ya mtaani.

Njia iliyo bora ni kukata. Fundi hupitisha msumeno wa chuma, au diski nyembamba ya umeme, katika upenyo uliopo kati ya jicho la springi na kishikio cha chasisi, upande huu na upande ule. Springi hushuka na kipande cha bolti ndani yake, kisha bushi nzima husukumwa nje kwa mashine ya kukandamiza. Diski hutoa cheche, hivyo tangi na mabomba yafunikwe kwa bati na ndoo ya mchanga iwe karibu. Bolti na bushi vimekufa, lakini vyote viwili ni vya bei ndogo kuliko springi au chasisi.

Kwa sababu hiyo vifaa vipya vinunuliwe KABLA ya kukata, si baada yake. Maduka ya vipuri ya Gerezani ni mwendo mfupi tu, lakini gari likishalala bila springi, muuzaji na fundi wote wanajua kwamba chama hakina pa kwenda. Bolti iwe ya aina ya gari lile, yenye alama ya ugumu kichwani, kama 8.8 au 10.9, kulingana na ile ya awali. Bolti isiyo na alama haifai kubeba springi. Bolti za umbo la U nazo zikifunguliwa ziwekwe mpya.

Wakati wa kufunga, mwili wa bolti upakwe grisi ya kuzuia kutu, ila mpira usipakwe grisi ya kawaida, kwani huuozesha. Bolti za macho zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa springi ikiwa inaning'inia, mpira hujisokota gari linaposhushwa, na bushi mpya huchanika mapema. Bolti za U zikazwe kwa zamu, pembe kwa pembe, na zikazwe tena baada ya siku chache za kazi.

Katibu adai vipande vya bolti ya zamani pamoja na bushi yake, avitie katika mfuko wenye tarehe na namba ya gari, avihifadhi pamoja na stakabadhi mpaka mkaguzi apite. Tarehe ya kukaza upya bolti za U iandikwe katika daftari la gari, na dereva atie sahihi siku kazi hiyo itakapofanyika.