Kutetemeka kwa wazee wetu na madai ya majini



Ramadhani iliyopita mzee mmoja wa msikitini kwetu alikosekana katika tarawehe siku tano mfululizo. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta amekakamaa, hata kujigeuza kitandani hawezi. Kumbe ameacha vidonge ili apate kufunga. "Ustadhi, nafunga tangu sijabaleghe, leo nile mchana kwa ajili ya dawa?" aliniuliza kwa sauti ya chini mno. Kabla ya hapo watu wa mtaani walikwishamwambia kuwa mkono wake unatetemeshwa na jini, akamaliza fedha kwa waganga mpaka mwanawe alipompeleka hospitali.

Mimi ni mwalimu wa dini, si daktari. Lakini nimesoma habari za maradhi haya, na naona tungeacha kuyazulia mambo kama tungejua kinachotokea ndani ya ubongo.

Maradhi yenyewe ni Parkinson, kwa jina la tabibu Mwingereza James Parkinson aliyeyaandikia mwaka 1817. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo yenye weusi, ambayo seli zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kwa kemikali hiyo ubongo huongoza mienendo ya mwili. Seli hizo zikifa, mkono hutetemeka ukiwa umetulia, hatua hufupika, uso hukosa tabasamu.

Kwa nini zife hizo? Seli moja ya aina hii ina mkia mrefu wenye matawi mengi mno, na kila tawi linataka nishati. Nishati hutoka katika vinu vidogo viitwavyo mitokondria. Vinu hivyo havikai mahali pamoja. Husafirishwa mpaka kwenye ncha za matawi, vikibebwa na protini zinazotembea juu ya njia nyembamba mfano wa reli. Vilivyochakaa huondolewa na kuvunjwa.

Safari zikikwama, tawi la mbali hukosa nishati. Nishati ikipungua, wachukuzi nao hukosa nguvu ya kutembea, na tatizo moja huzaa jingine. Wapo pia wanaorithi kasoro katika jeni ziitwazo PINK1 na parkin, ambazo husimamia uondoaji wa vinu vilivyoharibika. Hao huweza kuugua wakiwa bado vijana.

Ushahidi uliowashtua madaktari ulitoka California. Mwaka 1982 watu kadhaa, baadhi yao vijana, walijidunga heroini ya bandia, wakakakamaa ghafla kama wagonjwa wa Parkinson wa miaka mingi. Daktari William Langston na wenzake walieleza mwaka 1983 kuwa ndani yake mlikuwa na sumu iitwayo MPTP. Baadaye ikajulikana kuwa sumu hiyo, ikishageuzwa ndani ya ubongo, huingia katika seli zilezile na kuzima mitokondria. Jini gani hapo? Hata kwa wagonjwa ambao hawakugusa sumu hiyo, mwaka 1989 watafiti walikuta udhaifu katika vinu hivyohivyo.

Ndugu yetu katika imani, bondia Muhammad Ali, aligundulika na maradhi haya mwaka 1984. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta, mkono ukitetemeka mbele ya dunia nzima. Alifariki mwaka 2016. Sisi wazee wetu tunawafanya wajifiche.

Dawa kubwa ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Haiponyi, ila hurudisha mwendo, na lazima inywewe kwa saa zake. Kuiacha ghafla ni hatari. Maimamu wenzangu, hili tuliseme wazi juu ya mimbari kabla Ramadhani haijaingia: mgonjwa ameruhusiwa na Mola wake kula, na asiyetarajiwa kupona hulisha maskini kwa kila siku. Kusimama kukimshinda ataswali amekaa, na hilo likimshinda ataswali amelala.

Nilimweleza mzee hayo. Alinyamaza kitambo, kisha akamwomba mkewe maji. Ijumaa iliyofuata alikuja, akaswali juu ya kiti cha plastiki karibu na mlango. Nilimwuliza mbona hasogei mbele. Akasema anaogopa mkono wake utawasumbua watu.