Bei ya Sahani ya Biriani

SWALI: Mimi ni mgeni Mombasa. Biriani ya Mji wa Kale na ile ya hoteli ya ufuoni Nyali zapishana bei mno. Nitajuaje ni ipi yenye thamani?

JIBU: Ndugu yangu, ulipapo ufuoni hununui wali na nyama peke yake, bali wachangia pia pango, mandhari na mishahara ya watumishi, nayo si dhuluma madhali wayataka hayo. Uliza tu kabla ya kuagiza kama bei iliyoandikwa imejumuisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Kenya ni asilimia 16, pamoja na ada ya huduma.

Ama chakula chenyewe, litazame rojo, kwani ndiko ilikozama gharama ya mpishi: vitunguu vilivyokaangwa kwa subira hata vikawa vyekundu, mtindi, na nyama iachanayo na mfupa bila kushurutishwa. Wali wa manjano usikughuri. Zafarani hunukia, ilhali rangi ya dukani haina harufu, na mimi siilipii hata senti.

Samaki wana hesabu yao, maana wakati wa kusi bahari huchafuka, mashua ndogo hazitoki sana, na nguru akapanda bei pasipo hila ya mwenye mkahawa.

Kwa biriani, nenda Mji wa Kale Ijumaa baada ya sala, wahi kabla sufuria halijakwisha, na maji ya ukwaju uagize mapema.