Kutumia Feni Kusambaza Joto la Jiko Chumbani: Faida, Mipaka na Tahadhari

Utangulizi

Kuanzia mwezi Juni hadi Agosti, wakazi wa Njombe, Makete, Mufindi na sehemu nyingine za Nyanda za Juu Kusini hupitia majira ya baridi kali. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika Uwanda wa Kitulo, ulio juu zaidi, baadhi ya alfajiri nyasi huonekana zimefunikwa na sakitu, yaani umande ulioganda. Katika majira hayo, kaya nyingi huhitaji moto hata baada ya chakula cha jioni kuiva.

Kwa wenye jiko la chuma la kuni lililounganishwa na dohani, lalamiko la kawaida ni moja: anayeketi karibu na jiko hutokwa jasho, aliye upande wa pili wa sebule hujifunika blanketi, na chumba cha watoto kilicho mlango wa pili hubaki baridi. Baadhi ya watumiaji wameanza kutumia feni ili kusambaza joto hilo. Njia hii ni rahisi na hutumia umeme kidogo. Hata hivyo, feni ikitumiwa pamoja na jiko lisilofaa, huwapa watu matumaini ya usalama ambao haupo, na matokeo yake yanaweza kuwa kifo usingizini.

Baada ya kusoma somo hili, mtumiaji ataweza:

(a) kutambua jiko linaloweza kutumika kupasha chumba joto na lile lisiloweza;
(b) kuweka feni mahali panapofaa;
(c) kukadiria gharama ya umeme utakaotumika, na
(d) kutambua dalili za sumu itokanayo na moto na kuchukua hatua kwa wakati.

1. Swali la kwanza: moshi wa jiko unakwenda wapi?

Kabla ya kufikiria feni, mtumiaji ajiulize swali hili. Ikiwa moshi wote hupanda kwenye dohani na kutoka nje juu ya paa, anaweza kuendelea na sehemu ya pili. Ikiwa jiko halina dohani, kama lilivyo jiko la kawaida la mkaa, halifai kabisa kupasha joto chumba kilichofungwa, na hakuna feni itakayolifanya lifae.

Sababu ni gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii hutokea pale mkaa au kuni zinapoungua bila kupata oksijeni ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mkaa uliokolea, unaong'aa mwekundu bila moshi, ndio unaowadanganya wengi, kwa kuwa huonekana safi ilhali hutoa gesi hiyo kwa wingi. Ikiingia mapafuni, hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Hivyo mwili hukosa oksijeni hata kama mtu anaendelea kupumua kama kawaida.

Wapo wanaodhani kwamba feni, kwa kuwa huleta upepo, husafisha hewa ya chumba. Dhana hii si sahihi. Feni iliyo ndani ya chumba kilichofungwa huzungusha hewa ileile. Uzito wa kaboni monoksidi hautofautiani sana na uzito wa hewa, kwa hiyo gesi hiyo huchanganyika na hewa kwa urahisi na kuenea chumbani kote. Feni huharakisha uenezi huo na inaweza kuifikisha katika chumba cha pili ambako watoto wamelala. Kinachoondoa sumu ni hewa mpya kutoka nje, na dohani inayotoa moshi nje.

Kwa kaya isiyo na jiko lenye dohani, ushauri wetu ni kuota moto mahali penye uwazi wa kutosha kabla ya kulala, kuacha jiko na makaa yake nje ya nyumba, na kulala kwa kutumia blanketi za kutosha pamoja na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kitambaa. Kuacha dirisha wazi kidogo huku jiko la mkaa likiwaka chumbani usiku si kinga ya kutegemewa.

2. Jinsi joto linavyosafiri chumbani

Jiko la chuma hutoa joto kwa namna mbili kuu. Kwanza, joto humpiga moja kwa moja aliye karibu, kama jua linavyofanya. Pili, hewa inayogusa chuma cha moto hupata joto, huwa nyepesi, hupanda hadi darini, na nafasi yake huchukuliwa na hewa baridi inayotambaa sakafuni. Ndiyo maana anayepanda juu ya kiti kurekebisha taa husikia joto kichwani, ilhali miguu ya walioketi imekufa ganzi.

Feni haizalishi joto la kupasha chumba. Kazi yake ni kuichanganya hewa ya moto iliyojikusanya juu na ile ya baridi iliyo chini, ili joto ambalo kuni zimekwisha kulitoa liwafikie watu.

Kutokana na ukweli huo, nyumba yenye paa la bati lisilo na dari haitanufaika sana na feni. Joto lake hutoroka kupitia bati usiku kucha. Kwa nyumba ya aina hiyo, fedha ya feni itumike kwanza kuweka dari, hata kama ni katika chumba kimoja tu.

3. Namna ya kuweka feni

3.1 Chumba kimoja. Weka feni ya kusimama katika kona iliyo mbali na jiko, angalau mita moja au zaidi kutoka kwenye jiko. Inamishe kichwa chake kielekee juu, sehemu ambapo dari hukutana na ukuta, na uiwashe kwa mwendo mdogo kabisa. Usiielekeze kwa watu, kwa kuwa upepo unaopita juu ya ngozi humfanya mtu asikie baridi hata hewa ikiwa na joto. Usiielekeze kwenye mlango wa jiko wala kwenye majivu, kwani inaweza kurusha cheche.

3.2 Vyumba viwili. Watu wengi huweka feni karibu na jiko ili isukume joto kuelekea chumba cha pili. Njia bora ni kinyume chake. Weka feni ndogo sakafuni, mlangoni mwa chumba chenye baridi, ikiangalia upande wa jiko. Hewa baridi ni nzito na imetuama chini, kwa hiyo feni huisukuma kwa urahisi. Inapotoka, hewa ya moto iliyo juu hupita katika sehemu ya juu ya mlango kwenda kuchukua nafasi yake.

3.3 Pangaboi. Baadhi ya pangaboi zina swichi ya kugeuza upande wa mzunguko. Wakati wa baridi, geuza ili ivute hewa kwenda juu. Hewa ya moto itasukumwa kuelekea kutani na kushuka taratibu. Kama haina swichi hiyo, itumie kwa mwendo wa chini kabisa, na uizime ukiona walioketi chini yake wanasikia upepo.

Zoezi. Kata vipande viwili vya karatasi laini ya chooni, kila kimoja urefu wa kiganja. Tundika kimoja juu ya fremu ya mlango ulio kati ya vyumba viwili, na kingine karibu na sakafu. Washa feni kama ilivyoelezwa katika 3.2 na usubiri dakika chache. Karatasi ya juu ikielekea chumba chenye baridi na ya chini ikielekea upande wa jiko, mzunguko umekamilika. Zote mbili zikitulia, sogeza feni au ongeza mwendo kidogo.

4. Feni na mvuto wa dohani

Dohani hufanya kazi kwa sababu hewa ya moto iliyo ndani yake hupanda na kuvuta hewa ya chumba ipite kwenye jiko. Mvuto huo unaweza kushindwa nguvu. Feni ya ukutani inayotoa hewa ya jikoni au bafuni kwenda nje, ikiwashwa katika nyumba iliyozibwa vizuri, huhitaji hewa ya kujaza nafasi ya ile iliyotoka. Ikiikosa kwingine, inaweza kuivuta kupitia dohani, na moshi ukarudi ndani. Kwa hiyo:

(a) usiwashe feni ya kutoa hewa nje wakati jiko linawaka, isipokuwa umefungua dirisha;
(b) usizibe matundu yote ya nyumba kwa sababu ya baridi, kwani jiko linahitaji hewa ya kuingia; na
(c) fanya jaribio: jiko likiwaka na feni zote zikizunguka, sogeza kijiti cha ubani kinachofuka karibu na mlango wa jiko ulioachwa wazi kidogo. Moshi wake uvutwe kuingia jikoni. Ukisukumwa kuja chumbani, zima feni, fungua dirisha, na usitumie jiko mpaka dohani ikaguliwe na kusafishwa.

Saa ya hatari zaidi ni ile moto unapofifia. Dohani hupoa na mvuto wake hupungua, ilhali makaa yaliyobaki bado yanatoa kaboni monoksidi. Usifunge kilango cha kupunguza hewa cha dohani kabla makaa hayajazimika kabisa, hata kama kwa kufanya hivyo unatarajia kuhifadhi joto.

5. Gharama ya umeme

Uniti moja ya umeme ni sawa na wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Tuchukue mfano wa feni ya wati 45 inayowashwa saa 4 kila usiku:

Wati 45 × saa 4 = 180, yaani uniti 0.18 kwa usiku mmoja.
Uniti 0.18 × siku 30 = uniti 5.4 kwa mwezi.

Hita ya umeme ya wati 2,000 kwa muda huohuo hutumia uniti 8 kwa usiku, sawa na uniti 240 kwa mwezi. Zidisha kiasi hicho kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yako ya luku ili upate gharama yako halisi. Kumbuka kwamba ulinganifu huu una maana kwa kaya ambayo tayari inawasha jiko. Kuni nazo zina gharama yake.

6. Feni inayozunguka kwa joto la jiko

Zipo feni ndogo zinazowekwa juu ya jiko la chuma na kuzunguka bila waya wala betri. Ndani yake kuna kifaa kinachogeuza tofauti ya joto kati ya kitako na sehemu ya juu kuwa umeme mdogo. Zinafaa mahali pasipo na umeme, lakini nguvu yake ni ndogo, na kifaa hicho huharibika jiko likizidi kiwango cha joto kilichowekwa na mtengenezaji. Kabla ya kununua, muulize muuzaji kiwango hicho, omba waranti ya maandishi, na utunze risiti. Usinunue feni yoyote kwa madai kwamba huondoa moshi au sumu chumbani.

7. Tahadhari kuhusu gesi ya kupikia

Usitumie jiko la gesi kupasha chumba joto. Aidha, ukisikia harufu ya gesi, usiwashe feni ili kuitawanya. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Cheche ndogo ya swichi au ya feni yatosha kuilipua. Usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Funga valvu ya mtungi kama unaweza kuifikia kwa usalama, fungua milango na madirisha, watoe watu wote nje, kisha piga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ukiwa mbali na nyumba.

8. Dalili za sumu na hatua za kuchukua

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na usingizi usio wa kawaida. Wengi huzidhania kuwa ni malaria au chakula kibovu. Zitilie shaka hasa zikiwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, au zikipungua mtu anapotoka nje na kurudi anapoingia ndani.

Watoe wote nje kwenye hewa safi mara moja, wakiwemo wanaosema hawana tatizo. Wafikishe hospitali na umweleze mhudumu kwamba kulikuwa na moto chumbani. Usimwache aliyeathirika alale ili apumzike.

Maswali ya kujipima

1. Jirani yako ameweka jiko la mkaa chumbani na kuwasha feni ili hewa isiwe nzito. Utamshauri nini?
2. Sebule ina jiko lenye dohani, na chumba cha watoto ni baridi. Feni iwekwe wapi, na iangalie wapi?
3. Feni ya wati 60 ikiwashwa saa 5 kwa usiku, itatumia uniti ngapi kwa siku 30?

Majibu

1. Alitoe jiko nje mara moja na afungue milango na madirisha. Feni haiondoi kaboni monoksidi.
2. Sakafuni, mlangoni mwa chumba cha watoto, ikiangalia sebuleni.
3. Uniti 9.