Haba na Haba Hujaza Kibaba: Hesabu za Shuleni kwa Vifaa vya Kijijini



Katika somo hili tunataka tuzungumze juu ya hesabu za shuleni, na namna kikundi kinavyoweza kumsaidia mtoto na mwalimu wake bila kutoa pesa nyingi.

Siku moja tuliketi na kikundi cha akina mama kisiwani Pate. Mama mmoja akatoa daftari la mwanawe, limejaa alama za makosa. "Huyu kichwa chake hakishiki hesabu," akasema. "Heri amfuate mjomba wake baharini." Tukalitazama lile daftari. Swali moja lilikuwa 15 × 7. Kijana alikuwa ameandika 75.

Baadaye kijana huyo huyo akapita na ndoo ya mahamri, shilingi 15 kila moja. Tukachukua saba, tukampa noti ya 200. Akahesabu kwa sauti: mawili ni 30, sita ni 90, na hili moja, 105. Akaturudishia shilingi 95 pale pale. Kumbe 15 × 7 anaijua! Asichokijua ni kwamba ile ya ubaoni na ile ya ndooni ni hesabu moja.

Jambo hili si la Pate tu. Mwaka 1985 mtafiti Terezinha Nunes Carraher na wenzake walichapisha utafiti walioufanya katika mji wa Recife, nchini Brazili. Waliwachunguza watoto 5 wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza nazi na vitu vingine. Wakiwa kwenye biashara yao, walipata sawa karibu maswali 98 kwa kila 100. Walipopewa hesabu kama zile zile kwa karatasi, bila nazi na bila mnunuzi, walipata 37 tu kwa kila 100. Na watoto ni wale wale!

Basi kazi yetu ni kuziunganisha hesabu hizi mbili. Hizi hapa njia nne. Jaribuni kwanza nyinyi wenyewe katika mkutano wa kikundi.

1. Korija ya vijiti

Vifaa: chelewa za ufagio zilizokatwa vipande, na uzi. Msikate mikoko kwa kazi hii, chelewa zatosha.

Fungeni vijiti kumi kumi. Mafungu mawili ni korija moja, kama tunavyohesabu boriti. Sasa mwambieni mtoto afanye 53 − 28. Aweke mafungu 5 na vijiti 3. Anatakiwa atoe vijiti 8, lakini vilivyo nje ni 3 tu. Afanyeje? Afungue fungu moja. Sasa ana mafungu 4 na vijiti 13. Akitoa vijiti 8 vinabaki 5, akitoa mafungu 2 yanabaki 2. Jibu ni 25. Hiyo ndiyo maana ya "kukopa" ubaoni. Hakopi kwa mtu, anafungua fungu lake mwenyewe.

Kisha muulizeni: korija 7 na boriti 13 ni boriti ngapi? (Ni 153.)

2. Kibaba na pishi

Wazee wetu walipima nafaka kwa vibaba, na vibaba vinne ni pishi moja. Tafuteni kikopo kidogo, na mkebe unaojaa kwa vikopo vinne sawasawa. Tumieni mchanga. Kikopo kimoja ni robo ya mkebe. Robo mbili ni nusu. Robo tatu, bado moja mkebe ujae. Mtoto amimine mwenyewe, kisha aandike 1/4, 2/4, 3/4. Hapo ataona kwa macho kwamba 2/4 na 1/2 ni kitu kimoja.

3. Kamba na shamba

Chukueni kamba yenye urefu wa hatua 12, mfunge ncha zake. Watoto wanne waishike kwenye pembe, watengeneze shamba mchangani. Kwanza hatua 5 kwa 1, halafu 4 kwa 2, halafu 3 kwa 3. Kila mara wachore miraba ya hatua moja moja ndani yake, waihesabu. Watapata miraba 5, kisha 8, kisha 9. Kamba ni ile ile, lakini shamba si sawa! Mtu akikuambia mbadilishane viwanja kwa kuwa ua ni sawa, usikubali kabla ya kupima upana na urefu.

4. Saa ya maji

Kila siku maji hujaa kwa kuchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Tuseme leo yamejaa saa 4 asubuhi. Baada ya siku 3 yatajaa saa ngapi? 50 × 3 ni dakika 150, yaani saa 2 na nusu. Basi ni kama saa 6 na nusu mchana. Watoto waandike, kisha waende ufukweni wahakikishe.

Mambo ya kuangalia

Mtoto akikosea, msimwambie "Ala, hujui!" Mwambieni aeleze alivyopata. Waanze na vitu, wafuate michoro, wamalizie na tarakimu. Msiishie kwenye vijiti, maana mtihani hauna vijiti. Halafu mwoneni mwalimu, mwulize anafundisha nini mwezi huu, mtengeneze vifaa vya somo hilo. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 kwa madarasa ya chini, unawataka wazazi washiriki katika masomo ya watoto wao.

Na yule kijana? Tulimwomba aiandike hesabu yake ya mahamri: saba mara 10 ni 70, saba mara 5 ni 35, jumla 105. Kisha tukamwonyesha ile 75 ya daftarini. Akaitazama sana. "Hapa ningepunjika shilingi 30," akasema. Zilikuwa ni zile kumi tatu alizosahau kuzijumlisha. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake, akilisikia lile jibu. Habari za bahari hakuzitaja tena siku ile.

Maswali ya kujadiliana

1. Watoto wetu hufanya hesabu gani nyumbani, sokoni na baharini?
2. Nani katika kikundi atakusanya chelewa, mikebe na kamba, na vitakaa wapi?
3. Kitabu cha mweka hazina wetu: ni wangapi kati yetu wanaoweza kukijumlisha upya? Wale wasioweza, je, wako tayari kukaa na watoto wajifunze pamoja?