Je, nimemrithisha mwanangu saratani ya damu?

SWALI: Mwanangu wa miezi mitano ana saratani ya damu. Daktari anasema jeni yake imekatika na kuungwa pengine. Je, ameirithi kwangu?

JIBU: Hapana, mama. Pole sana. Katika kromosomu namba 11 kuna jeni iitwayo KMT2A, inayosimamia ukuaji wa seli changa za damu. Ikikatika na kuungwa na jeni nyingine, mara nyingi ya kromosomu namba 4, huzaliwa jeni chotara: seli hazikomai tena, zinaongezeka tu kwenye uboho. Hilo hutokea katika seli moja ya mtoto, kwa kawaida akiwa bado tumboni. Pacha wa kufanana waliougua wote wawili wamekutwa na mkato uleule, ambao wazazi wao hawana. Seli mbovu ilivuka kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenziwe kupitia kondo la nyuma.

Sitakuficha, aina hii ni kali. Hakikisha majibu ya kipimo cha jeni yamo kwenye faili lake, kwani huongoza uchaguzi wa tiba. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha revumenib, dawa inayolenga hitilafu hii, kwa wagonjwa wa kuanzia mwaka mmoja ambao saratani imewarudia au haikusikia tiba.