SOMO LA WIKI: Leseni ya machimbo bila cheti cha mazingira ni nusu ya mali

Biashara ya kokoto, mawe na mchanga jijini Dar es Salaam hufuata ujenzi. Kila msingi unaochimbwa Bunju na Tegeta upande wa Kinondoni, au Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, unahitaji malori ya mchanga na kokoto. Ndiyo maana wenye akiba kidogo huvutiwa kuingia ubia katika machimbo. Mara nyingi anayetafuta wabia huonyesha karatasi moja tu, yaani leseni. Somo la wiki hii linaeleza kwa nini karatasi hiyo peke yake haitoshi.

Karatasi tatu

Machimbo halali husimama juu ya haki tatu, na kila moja ina sheria yake.

Ya kwanza ni leseni, inayotolewa chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Madini yote yaliyo ardhini ni mali ya umma, na leseni humpa mwenyewe ruhusa ya kuyachimba. Haimpi umiliki wa ardhi iliyo juu yake.

Ya pili ni haki ya ardhi. Katika nchi kama Kanada, wenyeji hupinga migodi kwa kutumia mikataba ambayo mababu zao waliwekeana na Serikali. Tanzania haina mikataba ya namna hiyo. Hapa haki ya mwenyeji hutokana na Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ambazo zinatambua pia umiliki wa kimila. Sheria ya Madini nayo inamtaka mwenye leseni kupata idhini ya maandishi ya mmiliki halali kabla ya kuchimba karibu na nyumba zinazokaliwa na watu, ndani ya mita 200.

Ya tatu ni cheti cha Tathmini ya Athari kwa Mazingira, kinachotolewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kwa miaka mingi ripoti za tathmini zimekuwa zikikaguliwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), lililoanzishwa mwaka 1983. Kifungu cha 81 kinasema wazi kwamba leseni iliyotolewa chini ya sheria nyingine haimruhusu mwenye mradi kuanza kazi iwapo mradi huo unatakiwa kuwa na cheti na hauna.

Kisa cha Mlima Mrima

Hasara ya kupuuza karatasi ya tatu ilionekana Kwale, pwani ya Kenya. Mlima Mrima una niobiamu na madini adimu yanayotafutwa sana duniani. Lakini mlima huo huo ni msitu wa hifadhi, na ndani yake mna kaya ya Wadigo, mahali pao pa ibada za jadi.

Machi 7, 2013, kampuni ya Cortec Mining Kenya ilipewa leseni maalumu ya kuchimba. Agosti 5 mwaka huo huo Serikali ya Kenya ikaifuta. Wawekezaji wakaenda kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia (ICSID), wakidai fidia ya zaidi ya dola bilioni 2 za Marekani.

Oktoba 22, 2018 walishindwa. Baraza liliona kwamba leseni ilipatikana bila kutimiza masharti ya sheria, yakiwemo ya tathmini ya mazingira, hivyo ilikuwa batili tangu siku ya kwanza. Kitu batili hakina fidia. Ombi la kutengua hukumu hiyo nalo lilikataliwa mwaka 2021.

Wazo Hill

Hata kampuni kubwa hukutana na tatizo la karatasi ya pili. Kiwanda cha saruji cha Twiga kilichopo Wazo Hill, Kinondoni, kilianza uzalishaji mwaka 1966, na hisa zake ziliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2006. Kwa miaka mingi kampuni hiyo ilikuwa katika mgogoro na wakazi wa Chasimba juu ya ardhi ya kuchimbia malighafi. Mgogoro ulifika mahakamani, na Wizara ya Ardhi ikaingilia kati kutafuta suluhu. Kampuni yenye mtaji mkubwa huweza kustahimili kesi ndefu. Ubia wa watu watano wenye lori moja hauwezi.

Hesabu ya kusimama

Chukua mfano. Mbia ameweka shilingi milioni 12, akitarajia mapato ya shilingi 800,000 kwa mwezi. Fedha yake ingerudi baada ya miezi 15. Machimbo yakifungwa kwa miezi 9 kwa kukosa cheti, itarudi baada ya miezi 24. Kama fedha hiyo ilikuwa mkopo wa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, riba ya miezi 9 ya kukaa bure ni shilingi 2,160,000. Hayo ni karibu mapato ya miezi mitatu, na bado mlinzi na kodi ya mashine havijalipwa.

Ya kukagua kabla ya kutoa fedha

1. Jina lililo kwenye leseni ni la nani, na muda wake unaisha lini?

2. Mradi unatakiwa kuwa na cheti cha mazingira au mpango wa kutunza mazingira? Nakala yake iko wapi, na inataja eneo lile lile la leseni?

3. Ardhi ni ya nani? Kuna idhini ya maandishi na stakabadhi za fidia?

4. Majirani wanasemaje? Ofisi ya serikali ya mtaa huwa inajua malalamiko kabla hayajafika mahakamani.

5. Mkataba wa ubia unasema nani atabeba hasara machimbo yakisimamishwa?

Muuzaji mwenye karatasi zote tatu anaweza kudai bei kamili. Mwenye leseni tu anauza matumaini, na bei ya hisa yake ishuke kulingana na hayo.