MGONJWA ANAPOOMBA MAUTI



Katika darsa yetu kijana mmoja aliniuliza: "Sheikh, mtu mwenye maradhi yasiyopona, naye yu katika maumivu makali, je, si huruma kumsaidia afe upesi?" Swali hili halifai kukemewa, kwani aliyeliuliza amemuuguza baba yake. Namjibu hapa ili na wengine wafaidike.

Kwanza ni hukumu. Uhai ni amana. Mwenyezi Mungu amekataza kujiua katika Suratun Nisaa, aya ya 29. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametupa habari ya mtu wa kale aliyeshindwa kulistahimili jeraha lake akajikata kwa kisu hata akafa, naye akaharimishiwa Pepo. Basi tabibu hana ruhusa kumpa mgonjwa dawa kwa nia ya kumuua, hata mgonjwa mwenyewe akiridhia.

Lakini tusichanganye mambo. Kuacha matibabu yasiyofaa tena si kuua. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Amman mwaka 1986, iliruhusu kuondoa mashine kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa kabisa. Wala dawa ya kutuliza maumivu si haramu, kwani kinachokusudiwa ni nafuu.

Hukumu hiyo si yangu. Yafuatayo ndiyo rai yangu.

Wako wasemao kwamba mtu ni bwana wa nafsi yake, basi na aachiwe achague. Uholanzi na Ubelgiji zilitunga sheria zao, zikaanza kutumika mwaka 2002. Kanada ikafuata mwaka 2016, na mwaka 2021 ikawaongeza hata wagonjwa ambao mauti yao si ya karibu. Mwaka huo huo wajuzi wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walionya kwamba ulemavu si sababu ya kuruhusu mtu asaidiwe kufa. Mwaka 2023 watu zaidi ya 15,000 walikufa kwa njia hiyo huko Kanada.

Nami nauliza: ni nani huyo achaguaye? Mwenye nyumba, muuguzi na dawa ana la kuchagua. Asiye na hata kimoja, akiambiwa achague baina ya maumivu na kaburi, amechaguzwa nini?

Mzee mmoja aliniita nimwombee afe. Saratani ilikuwa imemla, na dawa aliyokuwa nayo ni vidonge vya kuumwa na kichwa. Wanawe walipohangaika hata wakampatia mofini, akalala usiku kucha. Nilipomrudia hakuitaja tena ile dua. Aliniuliza mjukuu wake amefika juzuu ya ngapi. Akafa baada ya wiki chache, mauti yake mwenyewe, jamaa zake wamemzunguka. Hapo nikafahamu kwamba aliloliomba siku ile lilikuwa ni kupumzika.

Basi kwa nini mofini iwe adimu? Mwaka 2017 jopo la wataalamu la jarida la The Lancet lilieleza kwamba nusu ya watu wa dunia iliyo maskini zaidi hupata asilimia 1 tu ya dawa za namna hiyo. Wala si dawa ghali. Jirani zetu wa Uganda, kwa juhudi za Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa mwaka 1993, wameonyesha kwamba mofini ya kunywa yaweza kutengenezwa kwa gharama ndogo na kutumiwa nyumbani. Anachokosa maskini ni sauti. Mkubwa akiugua hupanda ndege. Mnyonge hulala kitandani, wala haandamani.

Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya afya. Na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 225, yaweza kumfunga maisha amsaidiaye mwenziwe kujiua. Sheria hii ni njema. Lakini aliyemwacha mgonjwa bila dawa hata akatamani kufa, yeye anaulizwa na nani?

Ndugu zangu, kusema "ni haramu" kisha tukaenda zetu ni kutimiza nusu ya wajibu. Tumzuru mgonjwa, tuwapokee zamu wanaomuuguza, tumnunulie dawa. Na anayekuja kututaka kura tumuulize: dawa ya maumivu iko katika hospitali yetu, au haiko? Asipojibu, naye amekwisha kujibu.

Wabillahi tawfiq.